Anko wa upande gani?

Mwaka jana, mwezi wa Aprili, rafiki yangu mmoja alinipigia simu usiku. Babake alikuwa amefariki na mazishi yalipangwa kufanyika Jumamosi, kwao Bungoma. Ameniruhusu kusimulia kisa hiki mradi nisitaje jina la mtu. Wasifu wa marehemu ulikuwa umekwisha kuandikwa kwa Kiingereza na vijitabu vilikuwa kwa mpiga chapa. Lakini marehemu alifanya kazi Mombasa kwa zaidi ya miaka 30, wakwe zake ni Wataita, na waombolezaji wangetoka kila pembe ya nchi. Familia ikaamua kwamba siku hiyo wasifu usomwe kwa Kiswahili ili kila mtu asikie.

"Ni kurasa mbili tu, mwalimu," akaniambia. "Hakuna kitu kigumu hapo."

Nimefundisha tafsiri kwa muda wa kutosha kujua kwamba ukiambiwa hakuna kitu kigumu, jiandae kukesha. Mahali pa kuzaliwa, shule, ubatizo, kazi ya bandarini, kustaafu, maradhi: hayo yote yalitiririka vizuri. Kisha nikafika kwenye aya ya jamaa. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba marehemu alikuwa baba wa watoto 5, wakatajwa, na 'uncle' wa vijana 2, nao wakatajwa. Hapo nikaweka kalamu chini. Asubuhi nikampigia.

"Marehemu alikuwa anko wa hawa wawili. Anko wa upande gani?"

"Anko tu, mwalimu. Andika mjomba."

"Kwani mama yao ni dadake marehemu?"

"Hapana, ni baba yao. Alikuwa nduguye mkubwa."

"Basi si mjomba. Ni baba mdogo."

Akanyamaza kidogo. "Haya, andika hivyo. Lakini si ni kitu kimoja?"

Si kitu kimoja hata kidogo. Kwa Wabukusu, kama ilivyo kwa jamii nyingi zinazofuata ukoo wa baba, mtoto ni wa ukoo wa babake. Ndugu wa mama, ambaye wao humwita khocha, ni mtu wa ukoo mwingine. Heshima yake ni kubwa mno: mvulana anayekwenda kutahiriwa humwendea kwanza, akachinjiwa ng'ombe na kuvishwa shingoni kipande cha nyama yake. Heshima hiyo anapewa akiwa mtu wa kutoka nje. Kwa hiyo kama ningeandika 'mjomba' nilivyoambiwa, ningekuwa nimetangaza kwa kipaza sauti, mbele ya ukoo mzima, kwamba wale vijana wawili ni watoto wa binti wa boma lile aliyeolewa kwingine. Ningewageuza wageni katika boma walimolelewa. Na kamusi za mfukoni zingeniunga mkono.

Tuliangalie jambo hili kwa utaratibu. Kiswahili, kikitumiwa kilivyo, hakina neno moja la kuwajumlisha watu wote ambao Mwingereza huwaita 'uncle'. Ndugu wa kiume wa mama ni mjomba. Ndugu wa kiume wa baba ni baba: baba mkubwa ikiwa amemzidi babako kwa umri, baba mdogo ikiwa amezidiwa. Dada wa baba ni shangazi. Dada wa mama ni mama, naye pia ni mkubwa au mdogo. Maana yake ni kwamba kabla hujafungua kinywa kumtaja mtu huyu, ni lazima uwe unajua ni wa upande gani, na akiwa ni baba au mama, ni lazima ujue nani alitangulia kuzaliwa. Usipojua, sentensi yako imekwama. Mwenzako anayesema Kiingereza anapita tu.

Mwanaisimu Mrusi Roman Jakobson alilieleza jambo hili vizuri sana katika makala yake ya mwaka 1959 kuhusu tafsiri. Hoja yake ni kwamba lugha yoyote inaweza kusema lolote. Zinapotofautiana ni katika yale ambayo kila moja inamlazimisha msemaji kuyasema. Alitoa mfano wa sentensi ya Kiingereza kuhusu mtu aliyeajiri mfanyakazi. Ukitaka kuitia katika Kirusi, huwezi kuendelea mpaka ujue kama mfanyakazi huyo ni mume au mke, na kama kitendo cha kuajiri kilikamilika au la. Mwingereza anaweza kuyaeleza hayo yote akitaka. Mrusi hana hiari.

Nasi tuna maeneo yetu ambayo hatubanwi. Nikikuambia "jirani alikuja akaniachia ufunguo wake", Mwingereza atakayetafsiri atanipigia simu kuuliza kama jirani huyo ni mwanamume au mwanamke, kwa sababu hata ufunguo wake hawezi kuutaja bila kujua. Mimi nimesema yangu nikamaliza. Mpwa, mjukuu, mkwe, mtoto: Kiswahili hakijali jinsia yao. Kwa hiyo tusikimbilie kudai kwamba lugha fulani ni tajiri na nyingine ni maskini, madai ambayo husikika sana kila Siku ya Kiswahili Duniani inapofika, tarehe 7 Julai. Kila lugha ina maswali yake. La kuchunguza ni kwa nini jamii fulani, kizazi baada ya kizazi, imeshikilia swali hili na kuliachilia lile.

Wasomaji waliopita chuoni watakuwa wamekumbuka majina mawili, Sapir na Whorf. Edward Sapir alikuwa mwanaisimu na mwanaanthropolojia. Benjamin Lee Whorf alikuwa mwanafunzi wake wa namna ya pekee, kwa kuwa kazi yake ya kila siku ilikuwa kukagua hatari za moto kwa niaba ya kampuni ya bima huko Hartford, Marekani. Aliona kwamba watu huwa na hadhari kubwa karibu na mapipa yaliyojaa petroli, lakini wakifika karibu na mapipa 'matupu' huvuta sigara bila wasiwasi. Kumbe pipa lililomwagwa petroli hubaki na mvuke, na mvuke ndio unaolipuka upesi zaidi. Neno 'tupu' liliwapumbaza. Kutokana na mifano kama hiyo, Whorf alielekea kusema kwamba lugha hutengeneza fikra zenyewe, na akadai kwamba Wahopi wa Arizona, kwa jinsi lugha yao ilivyo, hawauoni wakati kama Wazungu wanavyouona. Hapo alivuka mpaka. Mwaka 1983 Ekkehart Malotki alichapisha kitabu kikubwa kilichojaa misemo ya Kihopi inayohusu wakati.

Mimi sikubaliani na wale wanaodai kwamba lugha ni gereza la akili. Rafiki yangu, msomi wa Kiingereza chake, alijua fika kwamba babake alikuwa ndugu mdogo wa baba ya wale vijana. Alikuwa hajaulizwa tu. Aliandika kwa lugha isiyomuuliza, na jambo ambalo halikuulizwa likabaki limelala pale kwenye karatasi.

Uchunguzi wa majina ya jamaa una historia ndefu kuliko huo wa Whorf. Lewis Henry Morgan alikuwa wakili katika mji wa Rochester, jimbo la New York. Alipokuwa akijifunza desturi za Waseneka, mojawapo ya mataifa ya Iroquois, alishangaa kuona kwamba mtoto humwita ndugu wa babake 'baba', na dada wa mamake 'mama'. Kwake Mzungu ilikuwa kama kituko. Akaandika orodha ndefu ya maswali na kuisambaza duniani kwa wamisionari na maofisa wa balozi, na mwaka 1871 akatoa kitabu kinene kilicholinganisha lugha na lugha. Hitimisho lake kwamba majina hayo yanaonyesha ngazi za kupanda kutoka ushenzi hadi ustaarabu limetupwa, na lilistahili kutupwa. Lakini swali lake lilibaki. Kwa nini watu walio mbalimbali namna hiyo huyapanga majina ya jamaa kwa mitindo michache tu inayojirudia?

Angalia hapa kwetu. Mjaluo humwita ndugu wa mamake nera, naye mjomba huyo humwita mtoto wa dadake okewo. Mbukusu ana khocha kwa upande wa mama na senge kwa dada wa baba. Ukivuka mpaka ukaingia Uganda, Muganda atakuambia kojja na ssenga. Kwa Wagikuyu ndugu wa mama huitwa mama. Naam, mama! Hebu mfikirie mtoto wa Murang'a, siku yake ya kwanza ya somo la Kiswahili, akionyeshwa picha ya mwanamke aliyefunga leso na kuambiwa "huyu ni mama", ilhali mama anayemjua yeye ana ndevu. Ukifika Afrika Kusini, Mzulu humwita mjomba malume, neno ambalo ukilitazama vizuri unaona 'mama' na 'mume' wamekaa pamoja: mama wa kiume. Lugha hizi zinatofautiana sana kwa sauti, na Kijaluo si hata cha jamii ya Kibantu. Lakini katika jambo moja zimekubaliana: mtu wa upande wa mama asichanganywe na mtu wa upande wa baba.

Sasa turudi kwa marehemu wetu. Baada ya kutatua 'anko' nilidhani nimepona. Kumbe nyuma ya wasifu kulikuwa na ratiba ya siku, na katika ratiba kulikuwa na nafasi ya watoto wa marehemu kutoa rambirambi, kisha nafasi ya 'cousins'. Wale vijana wawili walikuwa chini ya 'cousins', wamechanganywa na wengine saba au wanane.

Rahisi, nikajiambia, ni binamu. Nikaandika 'binamu'. Nikafuta.

Neno hili binamu limetutesa na hatujui. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya mwanzo ni mtoto wa kiume wa ami, yaani wa ndugu wa baba. Wa kike ni binti ami. Ami na binamu ni maneno ya Pwani, na yamekalia utaratibu wake. Katika Uislamu mtu anaweza kumwoa binti wa ami yake, na ndoa za namna hiyo zimekuwapo uswahilini tangu zamani. Kwa hiyo mtoto wa ami anahitaji jina lake mwenyewe, jina la kumtenga na dada na ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa huenda kesho akawa mke au mume. Lakini Kiswahili hichohicho, kwa upande wake wa Kibantu, kina baba mkubwa na baba mdogo. Na mtoto wa baba yako, awe mkubwa awe mdogo, ni nani kwako kama si ndugu? Ukimwita babu yake 'babu' nawe babu yako ni huyohuyo, mkala chungu kimoja, habari ya kuoana hata haitajwi. Bara, katika jamii zetu nyingi, kumwoa mtoto wa baba mdogo ni mwiko wa kutisha.

Kiswahili, basi, kimebeba mifumo miwili katika kapu moja. Ukichukua ami, utapata binamu. Ukichukua baba mdogo, utapata ndugu. Mswahili wa Mombasa anajua kulicheza kapu hilo, ametumia yote mawili tangu utotoni na hakosei. Tatizo limeanza tulipolichukua neno binamu peke yake, tukalipandisha bara, tukalimwaga lililokuwamo ndani na kumimina 'cousin'. Leo mwanafunzi wa Kenya akisema binamu anaweza kuwa anamkusudia mtoto wa mjomba, wa shangazi, wa mama mdogo au wa yeyote mwingine. Sura ni ya Kiarabu, matamshi ni ya Kiswahili, maana ni ya Kiingereza.

Nikampigia tena.

"Hawa wawili, ninyi nyumbani mlikuwa mkiwaitaje?"

"Kwa majina yao."

"Najua. Lakini mtu akiuliza ni nani wako, ulisemaje?"

"Ni ndugu zangu." Alijibu bila kufikiri. "Tumelala kitanda kimoja. Baba na mama yao walikufa tukiwa wadogo, mimi sikumbuki hata siku waliyokuja kwetu."

"Na wao walimwita marehemu nani?"

"Baba."

"Sasa hapa umeandika nini?"

Kimya. Nikasikia mtu akifunga mlango upande ule wa pili, na kuku. Kisha akasema polepole, "Ni Kiingereza, mwalimu."

Sikumlaumu, na nawe usimlaumu. Kizazi chake, ambacho ni changu pia, kilikariri msamiati wa ukoo shuleni kama wimbo. Tulijua mkoi, tulijua mwanyumba, mkaza mwana, kilembwe na kilembwekeza. Tulipata alama zetu kwenye mtihani, tukafunga kitabu, tukarudi nyumbani kusema anko na anti. Sijawahi kumsikia mtu katika matatu akimwambia mwenzake kwamba anakwenda kumwona mwanyumba wake, ingawa wanaume waliooa dada wa nyumba moja wamejaa tele na wana mengi ya kulalamikiana. Shemeji ndiye aliyebahatika: amehamia Sheng, akawa 'shem', na sasa hata mpenzi wa rafiki yako wa wiki mbili ni shemeji. Lakini wifi, neno ambalo wanawake wa Pwani hulitumia kila siku, ukilisema kwa vijana wa Nairobi watafikiri unatafuta intaneti.

Hapa ndipo wapenzi wa lugha huanza kulia kwamba utamaduni umekufa. Mimi nina sababu ya kutolia upesi, na sababu hiyo inatoka Ulaya. Waroma wa kale walikuwa na maneno manne, kama sisi: patruus kwa ndugu wa baba, avunculus kwa ndugu wa mama, amita kwa dada wa baba, matertera kwa dada wa mama. Waingereza wa kale nao walitofautisha. Ndugu wa mama alikuwa eam na ndugu wa baba alikuwa fædera. Kisha Wanormani wakaiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikaingia na maneno yake, na baada ya muda ile tofauti ikapotea. Neno 'uncle' ni mjukuu wa avunculus, na 'aunt' ni mjukuu wa amita. Kwa maneno mengine, ukifuata mizizi, Mwingereza anayemwita ndugu wa babake 'uncle' anamwita mjomba, na anayemwita dada wa mamake 'aunt' anamwita shangazi.

Hebu tazama tunachofanya Kenya leo. Katika yale maneno yetu manne, mawili yanazidi kutanuka na kuwameza wenzake. Ni yapi? Mjomba na shangazi. Yaleyale mawili! Mchuuzi sokoni ni shangazi, askari wa getini ni mjomba, na rafiki yangu aliponiambia "andika mjomba" alikuwa akirudia safari ambayo Kifaransa kilipita zamani. Nimelifikiria sana jambo hili. Maelezo yangu ni kwamba 'baba mdogo' na 'mama mkubwa' haviwezi kutanuka kirahisi, kwa sababu vina neno 'baba' na neno 'mama' ndani yake, na watu huona haya kumpa kila mpita njia jina la mzazi. Mjomba na shangazi hawana mzigo huo. Wako huru kuzurura.

Lugha hubadilika, basi, na Waingereza hawakukoma kupendana na watoto wa ndugu zao kwa kuwa walipoteza neno. Hilo nalikubali. Wala neno halimfanyi mtu kuwa mwema. Mahakama zetu zimejaa akina baba mdogo waliouza mashamba ya mayatima, huku wakiitwa 'baba' asubuhi na jioni. Lakini kuna tofauti kati ya kupoteza tofauti ambayo jamii imeshaacha kuishi nayo, na kupoteza neno wakati ardhi, mazishi na ndoa bado vinaendeshwa kwa utaratibu wa zamani. Sisi tuko katika hali hii ya pili. Tunaishi kwa baba mdogo na tunaandika kwa 'uncle'.

Rafiki yangu alisema ataulizia nyumbani. Kumbe swali la mtafsiri lilikuwa limetia mkono katika mzinga. Siku mbili zikapita. Ndugu mmoja wa marehemu, aliyebaki hai, hakutaka wale wawili watajwe pamoja na watoto. Alisema waandikwe kuwa marehemu alikuwa mlezi wao, inatosha, na mambo ya shamba yatakuwa mepesi baadaye. 'Mlezi' ni neno zuri. Hata hivyo, aliyelelewa katika makao ya watoto naye ana mlezi.

Mimi si wakili, lakini nilimkumbusha rafiki yangu kwamba Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, iliyoanza kutumika mwaka 1981, ina kifungu cha 29 kinachotaja nani wanaohesabiwa kuwa wategemezi wa marehemu. Miongoni mwao wamo watoto ambao marehemu aliwachukua katika familia yake kama wake mwenyewe, ikiwa alikuwa akiwakimu mpaka kufa kwake. Mdogo wa wale wawili alikuwa bado chuoni na karo yake ililipwa na marehemu. Nilivyokisoma kifungu hicho kama mwanaisimu, niliona sheria iliyoandikwa kwa Kiingereza ikitafuta maneno. Haikuwa na jina la mtoto huyu. Ikabidi imweleze kwa sentensi nzima: aliyechukuliwa, katika familia, kama wake mwenyewe. Nyumbani Bungoma mtu huyo huitwa mtoto.

Alhamisi jioni simu ikalia.

"Mwalimu, imeamuliwa."

"Na nani?"

"Na senge. Alikaa kimya wakabishana hadi wakachoka. Halafu akauliza swali moja tu. Akauliza, siku ya kuwafukuza ilikuwa lini, maana yeye hakualikwa."

"Kwa hiyo niandike nini?"

"Andika watoto saba."

Nikaandika. Nakiri kwamba kama mtafsiri nilisita, kwa sababu matini niliyopewa ilisema watano, na kazi yangu ni kufuata matini. Mwalimu wangu wa tafsiri angenikata alama. Tena hata 'watoto saba' ina usiri wake. Mtu wa Mombasa anayesikia hivyo hatajua kwamba wawili walizaliwa na mtu mwingine. Lakini hilo lilikuwa jambo ambalo familia ilitaka lisiulizwe, na Kiswahili kiliwaruhusu. Kwenye ratiba niliwahamisha vijana wale kutoka nafasi ya 'cousins' hadi nafasi ya watoto. Waliobaki pale walikuwa watoto wa mashangazi na wa wajomba, nikawaandika hivyohivyo, kwa urefu, bila binamu hata mmoja. Rafiki yangu alilalamika kwamba imekuwa ndefu. Nikamwambia avumilie.

Jumamosi nilikuwapo. Msomaji alikuwa binti wa senge, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye sauti ya kutosha hata bila kipaza sauti. Alisoma kwamba marehemu ameacha mjane na watoto 7, akawataja mmoja mmoja kwa umri. Kwa kuwa baba yao ndiye aliyekuwa mkubwa, yule kijana wa kwanza kati ya wale wawili alitangulia wote. Alisimama jina lake lilipotajwa, kisha hakujua kama aketi au aendelee kusimama, mpaka rafiki yangu akamvuta shati.

Vijitabu vya Kiingereza vilikuwa vimepigwa chapa tangu Jumatano, na kila mtu alikuwa na chake mkononi. Nikaona watu wakirudi ukurasa wa nyuma kutafuta. Mzee mmoja aliyesafiri kutoka Mombasa, waliyefanya kazi pamoja na marehemu bandarini, aliniinamia akaninong'oneza, "Mbona hapa wameandika watano?"

Nikamwambia hicho ni Kiingereza.

Akatoa miwani mfukoni, akaivaa, akaanza kuhesabu vichwa kwenye benchi la mbele.